Tupeane uzoefu: kula nje Uingereza na kula nje Ufaransa

Mleta mada (Lyon)

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Nimeishi Uingereza miaka tisa, mingi kati ya hiyo nikiwa Reading, na sasa naingia mwaka wa nne hapa Lyon. Kila nirudipo Dar es Salaam huulizwa swali lilelile, kwamba kati ya Mwingereza na Mfaransa ni nani anayekula vizuri zaidi, na jibu langu huwavunja moyo waulizaji, kwa kuwa tofauti kubwa niliyoiona iko kwenye saa kuliko kwenye sufuria. Mfaransa hula wakati wa chakula unapofika. Mwingereza hula anapopata nafasi. Naomba nieleze nilivyolijua hilo, kisha wenzangu mliokaa upande huu au ule msimulie yenu, kwa sharti moja tu: mtu aseme aliyoyaona mezani kwa macho yake, maana ya kusikia tunayo ya kutosha.

Juma langu la kwanza hapa nilitoka kusaini mkataba wa nyumba saa nane na dakika ishirini mchana, nikiwa na njaa ya tangu asubuhi. Nikaingia katika mgahawa mdogo kwenye kilima cha Croix-Rousse, mtaa ambao zamani ulikuwa wa wafumaji wa hariri, nikakuta meza zimekwisha kupanguswa na wahudumu wamekaa pembeni wakinywa kahawa. Nilisema, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, kwamba nataka meza ya mtu mmoja. Mama mmoja akanitazama, akasema "Bonjour, monsieur" polepole, kisha akanyamaza. Sisi tuliolelewa kwamba mtoto hawapiti watu wazima bila shikamoo tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hilo, lakini miaka tisa ya Uingereza, ambako mtu huanza kwa kuomba radhi na kwenda moja kwa moja kwenye haja yake, ilikuwa imenisahaulisha adabu ya kwetu. Niliporudisha salamu ndipo akanijulisha kwamba jiko limefungwa mpaka saa moja na nusu usiku. Nikaomba hata mkate na jibini. Akarudia kwamba jiko limefungwa, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba jua limekwisha kutua. Migahawa mingine miwili ilinijibu vivyo hivyo, na aliyenisitiri siku ile alikuwa muuza kebabu karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Reading nisingepata taabu hiyo. Saa tisa alasiri ningeingia dukani, nikachukua sandwichi, pakiti ya krispi na soda kwa bei moja ya pamoja, nikala mbele ya kompyuta huku nikijibu barua pepe, na hakuna ambaye angeona ajabu. Hapa Ufaransa sheria ya kazi inamkataza mwajiri kuwaruhusu wafanyakazi kula mahali pao pa kazi, ingawa ililegezwa kwa muda mwaka 2021 kwa sababu ya korona. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani natungiwa utani.

Lakini ukiiheshimu saa yao, nayo hukuheshimu. Ikifika saa sita mchana kila mgahawa wa mtaani hutoa ubao ulioandikwa kwa chaki chakula cha siku hiyo, na kwa bei moja unachagua kianzio na mlo mkuu, au mlo mkuu na kitindamlo. Fundi wa ujenzi mwenye vumbi la saruji kwenye viatu hukaa meza moja kando ya mwanasheria, wote wakila kilekile, na wote hulipa kwa vocha za chakula ambazo mwajiri huchangia. Kinachonichekesha ni kwamba mpango wa vocha ulianzia Uingereza, mwaka 1946, ndipo Wafaransa wakauiga na kuuwekea sheria mwaka 1967. Waingereza waliuacha msamaha wake wa kodi ubaki peni 15 kwa siku kwa miongo mingi, hadi ukafutwa mwaka 2013 bila mtu kuulilia. Hapa ukijaribu kuzigusa vocha hizo utaona watu barabarani.

Karibuni.

Mchangiaji kutoka Leicester

Ahsante, kaka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimekaa Leicester tangu mwaka 1998, kwa hiyo utanisamehe nikisimama upande wa Waingereza, kwa maana watu wamezoea kuwasema vibaya bila kuwaonja.

Nianze na aibu yangu. Mwezi wetu wa kwanza hapa, mume wangu aliamua tukale katika baa moja ya kijijini, zile zinazoitwa pub, kwa sababu aliona ubao nje umeandikwa chakula. Tulichagua meza nzuri karibu na moto, tukakaa wima tukisubiri mhudumu. Watu walioingia baada yetu walipata chakula, wakala, wakaondoka. Zilipita kama dakika arobaini, na mume wangu alikwisha kuamini kwamba tunabaguliwa na alikuwa akitayarisha hotuba yake, ndipo mzee wa meza ya jirani alipoinama na kutuuliza kwa upole kama tumekwishaagiza kaunta. Katika pub unakwenda mwenyewe kaunta, unataja namba ya meza yako, unalipa papo hapo, kisha unarudi kukaa. Hakuna kibao kinachosema hivyo, kwani kila Mwingereza analijua tangu utotoni, na hawafikirii kwamba yupo duniani asiyelijua. Hapo ndipo nilipoona tofauti yao na Wafaransa, ambao nimewatembelea mara nyingi kwa sababu dada yangu yuko Lille: Mfaransa atakusahihisha mbele ya watu, Mwingereza atakuacha ukae na njaa kuliko kukutahayarisha.

Kuhusu sifa mbaya ya chakula chao, wengi husahau kwamba mgao wa vyakula ulianza Januari 1940 na haukwisha mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya vita. Mkate wenyewe, ambao haukugawiwa kwa kadi wakati wa vita, uliwekewa mgao mwaka 1946 hadi 1948. Sisi tunaokumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzo wa miaka ya themanini tunajua jinsi shida inavyoufunza mkono wa mpishi kubana, na mkono huo hauachi kubana siku sukari inaporudi dukani. Kizazi kizima cha akina mama wa Kiingereza kilijifunza kupika bila siagi, bila mayai ya kutosha na bila kitunguu.

Leo hali ni nyingine, na waliobadilisha si Waingereza peke yao. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihar, India, alifungua London nyumba ya chakula cha Kihindi, miongo kadhaa kabla ya maduka ya kwanza ya samaki na chipsi kuonekana. Migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi inamilikiwa na Wabangladeshi, wengi wao wenye asili ya Sylhet, na mwaka 2001 Robin Cook, akiwa waziri wa mambo ya nje, alisema hadharani kwamba kuku wa tikka masala ni mlo wa taifa wa kweli wa Uingereza. Simwoni waziri wa Ufaransa akisema hivyo kuhusu kuskusi ya Afrika Kaskazini, ingawa wanaila kwa wingi.

Tahadhari moja kwa Waislamu wenzangu: mkifika Yorkshire ulizeni mafuta kabla ya kuagiza samaki na chipsi. Huko maduka mengi ya jadi hukaanga kwa shahamu ya ng'ombe, na samaki wako halali hutoka humo akiwa na mashaka.

Mchangiaji kutoka Paris

Mleta mada, ninaona umemlaumu yule mama wa Croix-Rousse, nami nimekaa upande wake wa meza, kwa hiyo niruhusu nimtetee. Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikapanda kuwa mhudumu, na sasa nina miaka kumi na miwili katika kazi hii.

Jiko halifungwi kwa kiburi. Wengi wetu tunafanya kazi kwa mkato, ndiyo "coupure" yenyewe: unaingia saa nne asubuhi, unatoka saa tisa alasiri, unarudi saa kumi na mbili jioni na kumaliza usiku wa manane. Zile saa tatu za katikati hazilipwi. Anayeishi karibu hurudi kulala kidogo. Mimi niliyekuwa nikiishi nje kabisa ya jiji nilikuwa nikilala juu ya magunia ya viazi stoo, au nakaa bustanini majira ya joto. Wale uliowakuta wakinywa kahawa walikuwa wamekula saa tano na nusu, kabla ya wateja, kisha wakakimbia bila kukaa kwa saa mbili na nusu. Mgahawa unaopika mchana kutwa unahitaji zamu mbili kamili za wapishi, na mgahawa wa meza ishirini hauziwezi. Ukiwa na njaa saa tisa, tafuta palipoandikwa "service continu", yaani huduma isiyokatika, utakula, ila usitegemee maajabu.

Nawaongezea mengine ambayo wageni hawaambiwi. Bei iliyoandikwa kwenye menyu tayari ina malipo ya huduma ndani yake. Bakshishi ni hiari, na Mfaransa akiridhika huacha sarafu mbili tatu mezani. Maji ya bomba hayalipiwi, ila uyaombe kwa jina lake, "une carafe d'eau", yaani jagi la maji, kwani ukisema "maji" tu utaletewa chupa ya kununua. Mkate nao haulipiwi, na ukiisha tunaongeza. Bili hatuleti mpaka uiombe, hata ukikaa mpaka viti vingine vipandishwe juu ya meza, kwa kuwa kumwekea mtu bili ambayo hakuiomba ni kumfukuza. Nimewaona Waingereza wakikaa nusu saa wakinitazama kwa macho ya kusihi, wakiamini kwamba nimewasahau, huku mimi nikiamini kwamba wanafurahia mazungumzo yao.

Kuhusu nyama: sisi watu wa Maziwa Makuu tunapenda nyama iliyoiva, na hapa ukiomba "bien cuit" utaipata, lakini nimemsikia mpishi wangu akiguna mara nyingi sana kwa oda hiyo. "À point", yaani iliyoiva kiasi, kwa Kifaransa bado ina wekundu katikati. Asiyetaka kuona damu aagize kitu kilichopikwa kwa saa nyingi katika mchuzi, atakula vizuri kuliko jirani yake mwenye steki, na hakuna atakayeguna.

Mkija Paris na hamna fedha nyingi, nendeni Chartier, iliyofunguliwa mwaka 1896. Ni "bouillon", nyumba za chakula cha bei nafuu walizofunguliwa wafanyakazi wa karne ya kumi na tisa. Mhudumu huandika oda yenu kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, na mwisho hujumlisha hesabu hapohapo, kando ya makombo yenu. Na hamu ya nyumbani ikizidi, sombe (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi) viko Château Rouge, mtaa wa kumi na nane.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mimi sikuishi huko, nilikwenda Paris kikazi kwa siku tano, lakini kisa changu ni cha mezani kama ulivyotaka. Mhudumu alitusomea chakula cha siku kwa mdomo. Nilikuwa nimejifunza maneno kadhaa kwenye ndege, nikasikia waziwazi "ri" na "vo", nikajua kwamba ni wali na nyama ya ndama, nikaagiza kwa furaha ya mtu ambaye hakuwa ameona wali tangu Jumapili.

Kilicholetwa kilikuwa mabonge meupe, laini, ya duara, katika mchuzi wa krimu wenye uyoga. Nilikula bonge moja, likayeyuka mdomoni kama bongo la mbuzi. Nikala la pili. Nilikuwa nikila polepole ili nyama isiishe kabla wali haujafika. Mhudumu alipopita kuuliza kama mambo ni mazuri, nilimjibu kwamba ni mazuri sana, na wali je? Alisimama kidogo, akachukua kalamu, akaniandikia pembeni ya karatasi maneno mawili yanayotamkwa sawasawa: "riz", ambao ni wali, na "ris", ambayo ni tezi ya ndama iliyo karibu na koo. Bei yake pia ilikuwa ya tezi, maana ililingana na ya milo miwili ya mwenzangu.

Nakiri kwamba ilikuwa tamu.

Mchangiaji kutoka London

Ndugu wa Paris ameeleza vizuri habari ya bakshishi, nami nieleze ya huku, kwa sababu hapo ndipo wageni wa pande zote mbili wanapoumia. Katika migahawa mingi ya London utakuta chini ya bili pameongezwa asilimia 12.5 kuwa ada ya huduma, na karibu yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni hiari. Ni hiari kweli, unaweza kuomba iondolewe, ila sijaona Mwingereza akifanya hivyo zaidi ya mara mbili katika miaka saba ya kubeba sahani. Watanung'unika njia nzima hadi nyumbani, lakini watalipa. Wateja wa Kifaransa walikuwa wakiiona, wanashtuka, wanauliza kwa nini huduma haimo ndani ya bei. Waingereza nao wakienda Paris huongeza asilimia kumi juu ya bei ambayo tayari ina huduma, na nina hakika ndugu yetu hapo juu hajawahi kuwazuia.

Sisi wahudumu tuliitazama fedha hiyo kwa mbali. Mgahawa mmoja niliofanyia kazi ulikuwa ukijikatia sehemu ya ada kwa jina la gharama za usimamizi, na ukiuliza unaambiwa ratiba ya juma lijalo bado haijapangwa, yaani jihadhari na zamu zako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi na ada yote bila kukata. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi hiyo, lakini siku ile nilikula nje kwa makusudi na nililipa ada bila kinyongo.

London kuna jambo jingine ambalo Lyon halipo: meza ina muda wake. Unapoweka nafasi kwa simu au mtandaoni unaandikiwa kwamba meza ni yako kwa saa mbili, na ikibakia robo saa mhudumu huja na tabasamu kukuuliza kama utapenda kahawa, naye anaomba kimoyomoyo ukatae. Pango la jengo ni kubwa na meza haina budi kuuzwa mara mbili au tatu kwa usiku. Aidha, kampuni zenye wafanyakazi 250 au zaidi katika England zinalazimika tangu Aprili 2022 kuandika kalori pembeni ya kila chakula. Nilimhudumia mama mmoja wa Kifaransa aliyedhani kwamba namba zile ni bei, akafunga menyu na kunyanyuka.

Mkinibana nitakiri kwamba meza kubwa za Uingereza zililelewa na Wafaransa. Ndugu wawili, Albert na Michel Roux, walifungua Le Gavroche hapa London mwaka 1967, na mwaka 1982 ukawa mgahawa wa kwanza nchini kupata nyota tatu za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima ubora wa migahawa. Wapishi mashuhuri Gordon Ramsay na Marco Pierre White walipita katika jiko hilo. Ulifungwa Januari 2024.

Mchangiaji kutoka Marseille

Assalaam alaykum. Mimi nimetoka Unguja, nimeolewa na Mfaransa aliyesilimu, na wazazi wake wako Bourgogne. Wengi mmesimulia ya migahawani. Niwape ya nyumbani kwa wakwe, kwani mtu hawezi kuielewa meza ya mgahawa wa Kifaransa bila kuiona ile iliyoizaa.

Mara ya kwanza tulialikwa saa moja usiku, nami kwa heshima nikamhimiza mume wangu tufike saa moja kamili. Mama mkwe alitufungulia mlango akiwa na taulo kichwani. Huko ukialikwa nyumbani, heshima ni kuchelewa robo saa, na ile robo saa ina jina lake kabisa, robo saa ya adabu. Nilicheka peke yangu, kwa maana sisi watu wa pwani tunasimangwa dunia nzima kwa kosa ambalo wao wamelifanya kuwa adabu.

Mezani nilifanya kosa la pili. Baada ya mlo mkuu uliletwa ubao wa jibini, kabla ya kitindamlo, tofauti na Uingereza, ambako kwa desturi jibini huja mwisho wa yote. Palikuwa na jibini la brie, kipande cha pembetatu chenye ncha. Mimi mgeni, niliyetangulizwa kwa heshima, nikaikata ile ncha kwa kisu na kuiweka kwenye sahani yangu. Kimya. Baba mkwe akaangalia dirishani. Kumbe ncha ndiyo sehemu laini na tamu zaidi, nayo inapaswa kugawanywa kwa kukatwa kando kando, ili kila mtu apate kidogo cha katikati na kidogo cha ganda. Nilikuwa nimefanya sawa na mtu aliyefikia sinia ya pilau ya watu sita na kuchota minofu yote iliyo katikati. Nilipolifikiria kwa mfano wa sinia, sikuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Mvinyo ndio mtihani mkubwa kwetu, kwa sababu haumo kwenye glasi tu. Nyama ya ng'ombe ya Bourgogne, jogoo wa kupikwa kwenye divai, sosi nyingi, hata kome, vyote hupikwa kwa mvinyo, na ukiuliza mgahawani utajibiwa kwamba pombe imekwisha kuruka jikoni, kana kwamba suala ni kulewa. Uingereza ni rahisi zaidi: mhudumu anaulizwa kuhusu halali kila siku, ana jibu, na hakushangai. Kwa haki ya mama mkwe, tangu mwaka wa pili alianza kunipikia sufuria ndogo ya pembeni kwa maji ya mboga, akiilalamikia kwamba haina roho, na nyama ya kwenda nayo tunamchukulia sisi kwa bucha wa Kingazija mtaani kwetu. Wangazija ni wengi sana hapa Marseille, na Kiswahili changu kikichanganyika na Kingazija chao, bei hupungua kidogo.

Mchangiaji kutoka Manchester

Kwa ufupi. Jirani alimwalika mwanangu "for tea" saa kumi na moja jioni. Kwa akili yangu chai ni chai, kwa hiyo nilimlisha kwanza wali na maharage, nikampa na sahani ya maandazi apeleke. Alikuta vidole vya samaki vya kukaanga, chipsi na maharage ya kopo, akala kwa heshima, akarudi anatembea kama mjamzito. Kaskazini ya England neno hilo ni chakula cha jioni, na chakula cha mchana wengine hukiita "dinner", jina ambalo watu wa kusini hulitumia kwa chakula cha usiku.

Kabla ya hapo tulikaa Lille, na huko mtoto huyohuyo alikuwa akila katika kantini ya shule kianzio, mlo mkuu, jibini na tunda, kila siku, akiwa amekaa. Ratiba ya juma zima ilibandikwa getini, na wazazi waliisoma kwa makini kuliko matokeo ya mitihani. Tangu Novemba 2019 lazima kuwe na mlo usio na nyama angalau mara moja kwa juma. Huku nilikuta watoto wengi wanabeba sandwichi kutoka nyumbani, ingawa chakula cha shule kimeboreshwa sana tangu mpishi Jamie Oliver alipoianika hali yake kwenye televisheni mwaka 2005, na watoto wa madarasa ya mwanzo katika England wanakula bure tangu mwaka 2014. Mwanangu siku ya kwanza alimwuliza mpishi wa shule jibini italetwa saa ngapi.

Mleta mada (Lyon)

Ndugu wa Paris, nimekusoma mara mbili. Nimepita mbele ya mgahawa ule mara mia tangu siku ile, na sikuwahi kujiuliza wale watu walikuwa wamesimama tangu saa ngapi. Neno langu kuhusu saa nalibakiza, ila sasa najua kwamba saa hiyo ina mtu anayeilipa kwa usingizi wake.

Nimalizie na kisa cha mwaka jana, kwa kuwa dada wa Leicester amenikumbusha pub. Nilikwenda Uingereza na mfanyakazi mwenzangu wa hapa Lyon, mtu ambaye huzungumzia chakula cha mchana tangu saa tatu asubuhi, naye alikuwa na hakika kwamba atakufa na njaa. Siku ya Jumapili, ambayo huku migahawa mingi ya mtaani hufungwa, nilimpeleka katika pub ya kijiji kimoja nje ya Reading. Nilikwenda kaunta, nikataja namba ya meza, nikalipa. Ikaja sahani moja kubwa, kila kitu juu yake kwa pamoja: vipande vya ng'ombe wa kuoka, viazi vilivyobanikwa hadi vikalia vinapokatwa, karoti, kabichi, na ile Yorkshire pudding, ambayo ni kama kitumbua kikubwa kilichobonyea katikati, cha unga, mayai na maziwa, na ule mbonyeo umejazwa mchuzi mweusi mzito.

Aliuliza kama kitumbua ni kitindamlo kilichokosea njia. Nikamwambia ale. Alikula bila kusema neno kwa dakika kumi, jambo ambalo sijaliona tangu nimfahamu, akamaliza viazi, akamaliza kitumbua, akaomba na nusu ya changu. Kisha akaitazama sahani, ambayo chini yake palikuwa bado pamebaki mchuzi wa vijiko vitatu hivi, akageuka kushoto na kulia akitafuta kikapu. Akaniuliza kwa sauti ya chini mkate uko wapi. Nikamwambia kwamba hapa mkate hauletwi na chakula hiki. Aliniangalia kama watu walivyonitazama Croix-Rousse, akanyanyuka, akaenda mwenyewe kaunta, na safari hii alisahau kusalimia.